Oda ya Banjo, Barabara ya Kumi na Mbili

Fundi Semhando anauliza kama karani wa forodha,
penseli sikioni, kipande cha boksi pajani:
Mti gani? Ngozi ipi? Nyuzi nne au tano?
Natazama vumbi la msasa kwenye nyusi zake
nasahau majibu niliyoyafanyia mazoezi tangu Makorora.

Tuanze na mti, nasema.
Ana mkangazi, ana mninga wenye mishipa,
ana kipande cha mpingo anachokifunika gunia
kama mtu anayeficha mchumba.
Nami nafungua kanga, namtolea mguu wa kitanda.
Mvule. Kitanda cha mama, nilizaliwa juu yake,
na ndugu zangu watatu wakafuata, mmoja hakukaa.
Mchwa wa Ngamiani wameujaribu miaka arobaini wakachoka.
Shingo itoke humu.
Semhando anaugonga kwa ukucha, anausikiliza,
anaunusa pia, sijui kwa nini.
"Una tundu la msumari hapa."
Liache.

Ngozi. Plastiki ya dukani, anasema, haijui mvua,
utapiga masika, utapiga kiangazi, sauti ile ile.
Ya mbuzi hulegea mwezi wa nne, itakuaibisha harusini.
Nachagua mbuzi.
Mwezi wa nne hata magoti yangu hulegea,
sitaki kuzeeka karibu na kitu kisichozeeka.

Chaza? Anavyo vipande vinavyong'aa,
anaweza kuchonga nyota, mwezi, jina langu kwa herufi za kupinda.
Hapana.
Pesa ya nyota niwekee kwenye vigingi,
vikaze kweli. Nimechoka na ala
ya kubembelezwa kila baada ya beti mbili.

Na freti ya tatu usiipige.
Anainua uso. "Nisiipige?"
Acha pale patupu, kidole kiteleze.
Kuna sauti inakaa katikati ya vyuma viwili,
shangazi alikuwa akiifikia kwa koo
watu wakaacha kutafuna.
Anaandika: *tatu, hapana*, anapigia mstari,
kama mtu wa duka la dawa
anayesoma mwandiko wa daktari asiyemwamini.

"Mkono?"

Swali dogo. Kila mteja huulizwa.
Wa kushoto nimeuweka ndani ya kanga tangu kizingitini.
Miaka kumi na miwili sasa, chumba cha brashi,
mashine ilidaka katani, katani ikanidaka mimi,
cha pete na cha mwisho vikaenda na nyuzi
hadi kwenye robota, pengine vikapanda meli.
Kampuni ilinipa karatasi, nikatia dole gumba, lilikuwepo.
Banjo ya zamani nikamuuzia kijana wa Chumbageni.
Hata mfuko hakurudisha.

Geuza kila kitu, Semhando. Nyuzi zianzie upande wa pili.
Huku pamebaki gumba, shahada na cha kati,
vinatosha kushika kipande cha pembe.
Shingo itafunzwa mkono wa kulia.
Nina miaka hamsini na sita, utajifunza tu.

Hasemi pole.
Anasogeza randa, analaza ubao. "Weka."
Penseli inauzunguka mkono wangu taratibu,
ikifika penye pengo haisiti,
inapita kama inavyopita kwenye kifundo cha mti.
Kisha wa kulia. Anapuliza vumbi, anaviringisha utepe wake.

Kabla hujawamba ngozi, namwambia, andika hili ndani,
kwenye duara, pasipoonwa na mtu:

*Nimebakisha vitatu, vya kutosha kuhesabu;
mashine haina utu, ila nyuzi zina jibu.*

Anasoma akitikisa midomo, anahesabu mizani kwa vidole vyake
vyote kumi, mchoyo wa vidole, nane kwa nane.
"Laki tatu na nusu," anasema.

Freti moja haipo, namkumbusha. Punguza.

Anacheka hadi vumbi la nyusi linadondoka
juu ya mkono wangu wa penseli, pale ubaoni.